Triga ya PostgreSQL inayoita fanksheni ya C: jinsi ya kusaka hitilafu

Karani wa kituo cha kununulia viazi Uyole anaingiza uzito wa gunia, anabonyeza hifadhi, na skrini inamjibu `server closed the connection unexpectedly`. Wakati huohuo makarani wa Makambako na Mafinga, ambao hawajagusa kitu, nao wanatupwa nje ya mfumo. Ukiona kosa la mmoja linaangusha wote, na kwenye kanzidata kuna triga (amri inayojiendesha yenyewe mstari unapoingizwa au kubadilishwa) inayoita fanksheni iliyoandikwa kwa lugha ya C, ishuku fanksheni hiyo kabla ya kuulaumu mtandao.

Fanksheni ya C haikai nje ya PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata. Hupakiwa ndani ya mchakato uleule unaohudumia muunganisho wa karani, ikiwa na ruhusa zote za mtumiaji `postgres`, bila uzio wowote. Ikigusa anwani ya kumbukumbu isiyo yake, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaua mchakato kwa ishara namba 11. Mchakato mkuu hauna namna ya kujua kama kumbukumbu ya pamoja imechafuka, kwa hiyo haubahatishi: hufunga michakato mingine yote, husoma upya WAL (daftari lake la mabadiliko), kisha hufungua mlango tena. Miamala iliyokwisha kuthibitishwa inabaki salama. Iliyokuwa njiani inapotea.

Pamoja na hayo, kesi nyingi zinazoitwa "kosa la C" hazimo kwenye C. Ni triga iliyozimwa, ni faili la zamani ambalo bado limeshikiliwa, au ni mstari uliofika ukiwa na umbo ambalo mwandishi hakulitarajia. Ndiyo maana hapa tunauliza kwanza kama fanksheni inaitwa, halafu ni faili lipi linaloitwa, na mwisho ndipo tunafungua msimbo.

Mfano tutakaoutumia

Amri zote ni za PostgreSQL 16 kwenye Ubuntu au Debian. Jedwali linapokea magunia kutoka vituoni, na triga inakataa lumbesa, yaani gunia linalozidi kilo 100, kikomo ambacho Wakala wa Vipimo husimamia kwenye ufungashaji wa mazao.

```sql
CREATE TABLE magunia (
    id        bigserial PRIMARY KEY,
    kituo     text NOT NULL,
    mkulima   text NOT NULL,
    uzito_kg  double precision,
    maelezo   text
);

CREATE FUNCTION kagua_gunia() RETURNS trigger
    AS 'mizani', 'kagua_gunia' LANGUAGE C;

CREATE TRIGGER a10_kagua_gunia
    BEFORE INSERT OR UPDATE ON magunia
    FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION kagua_gunia('100');
```

Kusema kweli, kama kazi ni kukataa kilo zaidi ya 100 tu, `CHECK (uzito_kg <= 100)` inatosha na hutahitaji mwongozo huu. C ina maana pale ambapo tayari kuna maktaba ya C unayoitegemea, kwa mfano inayofumbua data ghafi kutoka kwenye mizani ya kielektroniki. Tumeiweka kazi ndogo ili makosa yaonekane.

```c
#include "postgres.h"
#include "fmgr.h"
#include "catalog/pg_type.h"
#include "commands/trigger.h"
#include "executor/spi.h"
#include "utils/rel.h"

PG_MODULE_MAGIC;
PG_FUNCTION_INFO_V1(kagua_gunia);

Datum
kagua_gunia(PG_FUNCTION_ARGS)
{
    TriggerData *td = (TriggerData *) fcinfo->context;
    HeapTuple    mstari;
    TupleDesc    muundo;
    int          namba;
    bool         tupu;
    Datum        d;
    double       kikomo, kilo;

    if (!CALLED_AS_TRIGGER(fcinfo))
        elog(ERROR, "kagua_gunia: haikuitwa na triga");
    if (!TRIGGER_FIRED_FOR_ROW(td->tg_event) ||
        !TRIGGER_FIRED_BEFORE(td->tg_event))
        elog(ERROR, "kagua_gunia: inataka BEFORE, FOR EACH ROW");
    if (td->tg_trigger->tgnargs != 1)
        elog(ERROR, "kagua_gunia: inataka hoja moja, kikomo cha kilo");

    if (TRIGGER_FIRED_BY_UPDATE(td->tg_event))
        mstari = td->tg_newtuple;
    else
        mstari = td->tg_trigtuple;

    kikomo = atof(td->tg_trigger->tgargs[0]);
    muundo = td->tg_relation->rd_att;
    namba  = SPI_fnumber(muundo, "uzito_kg");
    if (namba <= 0)
        elog(ERROR, "kagua_gunia: kolamu uzito_kg haipo");
    if (SPI_gettypeid(muundo, namba) != FLOAT8OID)
        elog(ERROR, "kagua_gunia: uzito_kg si double precision");

    d = SPI_getbinval(mstari, muundo, namba, &tupu);
    if (tupu)
        elog(ERROR, "kagua_gunia: uzito haujajazwa");

    kilo = DatumGetFloat8(d);
    if (kilo > kikomo)
        ereport(ERROR,
                (errcode(ERRCODE_CHECK_VIOLATION),
                 errmsg("gunia lina kilo %.1f, kikomo ni %.1f",
                        kilo, kikomo)));

    return PointerGetDatum(mstari);
}
```

Hoja ya `'100'` haitajwi kwenye `CREATE FUNCTION`. Fanksheni ya triga hutangazwa bila hoja hata moja, na kilichoandikwa kwenye `CREATE TRIGGER` huifikia kupitia `tgargs`, kikiwa maandishi siku zote.

1. Zuia madhara kwanza

Kama seva inaanguka kila gunia linapoingia, zima triga:

```sql
SET lock_timeout = '5s';
ALTER TABLE magunia DISABLE TRIGGER a10_kagua_gunia;
```

`lock_timeout` ni muhimu kwa sababu amri hii inataka kufuli linalozuia waandishi wote wa jedwali. Bila kikomo cha muda, muamala mmoja uliosahaulika wazi utaisimamisha amri yako, na amri yako itawasimamisha makarani wote walio nyuma yake. Andika mahali saa uliyoizima na `id` ya mwisho iliyokuwapo. Utavihitaji.

Kisha nakili kanzidata kwenye mashine nyingine kwa `pg_dump`. Usitafute kosa la C kwenye seva ya kazi wakati wa msimu. Kila jaribio lako lililoshindwa ni kukatika kwa huduma kwa vituo vyote.

2. Je, fanksheni inaitwa kweli?

```sql
SELECT tgname, tgenabled, tgfoid::regproc, pg_get_triggerdef(oid)
FROM pg_trigger
WHERE tgrelid = 'magunia'::regclass AND NOT tgisinternal
ORDER BY tgname;
```

Tazama `tgenabled`. `O` ni hali ya kawaida, `D` imezimwa, `R` inafanya kazi kwenye urudufishaji (replication) tu, `A` inafanya kazi siku zote. Herufi `D` mara nyingi ni masalia ya mtu aliyeizima akapakia data, kisha akasahau kuiwasha. Ukiona `O` na bado triga haiitwi, angalia `SHOW session_replication_role;`. Ikiwa ni `replica`, triga zote za `O` zinarukwa kimyakimya. Ndivyo ilivyo pia kwa seva inayopokea data kwa urudufishaji wa kimantiki: mistari kutoka Njombe itaingia kwenye seva ya Mbeya bila kukaguliwa, mpaka utumie `ENABLE ALWAYS TRIGGER`.

Sehemu ya `WHEN` nayo ina mtego wake. `WHEN (NEW.uzito_kg > 0)` haitoi kweli wala uongo uzito ukiwa tupu, na triga haiitwi. Vilevile, triga ya `UPDATE OF uzito_kg` huangalia kolamu zilizotajwa kwenye `SET` ya amri. Kama uzito umebadilishwa na triga nyingine ya `BEFORE`, yako haitajua.

Triga za tukio moja huitwa kwa alfabeti ya majina yake. Ndiyo sababu ya ile `a10_`; ukitaka nyingine itangulie, iite `a05_`.

Uthibitisho wa mwisho ni huu:

```sql
BEGIN;
EXPLAIN ANALYZE INSERT INTO magunia (kituo, mkulima, uzito_kg)
VALUES ('Uyole', 'jaribio', 98.5);
ROLLBACK;
```

Chini ya matokeo utaona mstari kama `Trigger a10_kagua_gunia: time=0.041 calls=1`. Mstari huo usipokuwapo, triga haikuitwa, na hakuna sababu ya kufungua faili la C. (Namba ya `id` iliyotumika hairudi baada ya `ROLLBACK`. Mhasibu akiuliza kwa nini kuna pengo, hilo ndilo jibu.)

3. Ujumbe wa kupakia faili

Makosa haya yana sauti kubwa na ni rahisi, kwa hiyo tupite haraka.

`could not access file "mizani": No such file or directory` maana yake faili la maktaba, `mizani.so`, halimo kwenye saraka inayotajwa na `pg_config --pkglibdir`, ambayo kwa kawaida ni `/usr/lib/postgresql/16/lib`. Kama mashine ina matoleo mawili ya PostgreSQL, `pg_config` inayojibu inaweza kuwa ya toleo lingine. Itaje kwa njia kamili, `/usr/lib/postgresql/16/bin/pg_config`. Ukipata `Permission denied`, huenda umeelekeza kwenye saraka yako ya nyumbani. Kuanzia Ubuntu 21.04 saraka hizo hufunguliwa kwa ruhusa ya 750, na `postgres` hawezi kuingia.

`missing magic block`: umesahau `PG_MODULE_MAGIC`. `version mismatch`: maktaba ilikompailiwa kwa toleo kuu lingine, kwa mfano 15, na seva ni 16. Kompaili upya baada ya kusakinisha `postgresql-server-dev-16`.

`could not find function information for function` maana yake fanksheni imeonekana lakini `PG_FUNCTION_INFO_V1` haipo. Msimbo wa zamani ulioandikwa bila hiyo uliwahi kufanya kazi, ila mtindo huo uliondolewa kwenye toleo la 10. Na `could not find function "kagua_gunia" in file` humaanisha jina halionekani nje ya faili: umekosea herufi, umeweka `static`, au umekompaili kwa C++ bila `extern "C"`. Hakikisha hivi:

```
nm -D --defined-only mizani.so | grep -E 'kagua_gunia|Pg_magic'
```

Lazima uone majina matatu: `kagua_gunia`, `pg_finfo_kagua_gunia` na `Pg_magic_func`.

`undefined symbol` au `version 'GLIBC_2.38' not found` huonekana sana pale mtu anapokompaili kwenye laptopu yenye Ubuntu 24.04 na kupeleka faili kwenye seva ya 22.04. Maktaba iliyojengwa kwenye mfumo mpya haikubali kuendeshwa kwenye mfumo wa zamani. Kompaili kwenye seva yenyewe, au kwenye mashine ya toleo lilelile. `ldd mizani.so` itakuonyesha kinachokosekana.

`file too short` ni faili lililokatika. Umeme ukizima katikati ya kunakili, faili linabaki na ukubwa wa sifuri. Linganisha `sha256sum` ya pande zote mbili, unakili tena.

Na ukiona `permission denied for language c`, si hitilafu. Msimamizi mkuu peke yake ndiye anayeruhusiwa kuunda fanksheni ya C, na usitafute njia ya kulizunguka hilo.

4. Umerekebisha, lakini kosa ni lilelile

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. PostgreSQL ikishapakia maktaba kwenye muunganisho, inaishikilia mpaka muunganisho ufungwe. `LOAD 'mizani'` haipakii upya kilichokwisha kupakiwa. `CREATE OR REPLACE FUNCTION` pia si dawa ya kutegemea. Dawa ni muunganisho mpya.

Kwenye dirisha la `psql` ni rahisi: toka, ingia. Programu ya makarani ndiyo yenye shida, kwa sababu hupitia PgBouncer (programu inayotunza miunganisho na kuigawa kwa watumiaji) au hazina ya miunganisho ya programu yenyewe, na miunganisho hiyo inaweza kukaa wazi saa nyingi. Matokeo yake ni vurugu: gunia la kwanza linakaguliwa kwa msimbo mpya, la pili kwa wa zamani, kutegemea limepitia muunganisho gani. Usikisie. Kerneli inajua nani ameshika nini:

```
sudo grep mizani.so /proc/[0-9]*/maps
```

Mstari unaoishia na `(deleted)` ni mchakato ambao bado unatumia faili la zamani lililokwisha kuondolewa. Namba iliyo kwenye njia hiyo ndiyo `pid` yake. Ifunge kwa `SELECT pg_terminate_backend(pid)`, au kwenye koni ya PgBouncer toa amri `RECONNECT`, ambayo husubiri kila muunganisho umalize kazi yake kabla ya kuufunga. Ya pili ni ya kistaarabu zaidi mchana, makarani wakiwa kazini. Kama maktaba imetajwa kwenye `shared_preload_libraries`, hakuna njia ya mkato: washa upya seva nzima.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Usinakili `.so` mpya juu ya ile ya zamani kwa `cp` wakati seva inafanya kazi. `cp` hufuta yaliyomo na kuandika ndani ya faili lilelile, ambalo michakato hai imelitandaza kwenye kumbukumbu yake. Michakato hiyo inajikuta inaendesha nusu ya msimbo mpya na nusu ya zamani, na inaanguka. Tumia `make install` au `install -m 755`, ambazo huondoa faili la zamani kwanza na kuweka jingine jipya, au nakili kwa jina la muda kwenye saraka ileile kisha `mv`. Kuna anguko ambalo watu hulisaka kwenye msimbo kwa siku nzima, kumbe lililetwa na `cp` yenyewe.

Faili la `Makefile` linalofaa kwa majaribio ni fupi:

```
MODULES = mizani
PG_CFLAGS = -g -O0 -Wall
PG_CONFIG = /usr/lib/postgresql/16/bin/pg_config
PGXS := $(shell $(PG_CONFIG) --pgxs)
include $(PGXS)
```

Maonyo ya kompaila yasome yote. Mfano: `SPI_modifytuple`, moja ya fanksheni za SPI (njia ya msimbo wa C kutumia SQL ndani ya PostgreSQL), inataka orodha ya herufi, ambapo `'n'` ni tupu na nafasi wazi ni kilichojazwa, ilhali `heap_modify_tuple_by_cols` inataka orodha ya `bool`. Ukiipa fanksheni ya pili orodha ya ile ya kwanza, ile nafasi wazi, ambayo thamani yake ni 32, inasomeka kuwa "ndiyo, tupu", na kolamu yako inafutwa. Kompaila ilikuonya.

5. Seva inaanguka

Fungua `/var/log/postgresql/postgresql-16-main.log` na utafute:

```
LOG:  server process (PID 20417) was terminated by signal 11: Segmentation fault
DETAIL:  Failed process was running: INSERT INTO magunia ...
```

Mstari wa `DETAIL` ndio wenye dhahabu: una amri iliyoua. Jumbe za `terminating connection because of crash of another server process` zinazofuata ni za majeruhi wengine, usizifuate.

Kwenye mashine ya majaribio, rudia amri hiyo ukiwa na `gdb`, chombo cha kusimamisha programu na kuchungulia ndani yake. Dirisha la kwanza, ndani ya `psql`:

```sql
LOAD 'mizani';
SELECT pg_backend_pid();
```

`LOAD` inafanya alama za maktaba ziwepo kabla triga haijaitwa. Dirisha la pili, ukiweka namba uliyopewa:

```
sudo gdb -p 20417
(gdb) handle SIGUSR1 nostop noprint pass
(gdb) break kagua_gunia
(gdb) continue
```

Rudi `psql` uingize gunia lililoleta balaa. `gdb` itasimama mwanzoni mwa fanksheni. Endelea kwa `next`, chungulia kwa `print td->tg_event` au `print mstari`, na ikianguka andika `bt`. Safu ya juu kabisa yenye jina la faili lako ndiyo ya kuanzia, hata kama anguko lenyewe limetokea ndani zaidi, kwenye msimbo wa PostgreSQL.

Wahalifu ni walewale kila mara.

*Triga imeundwa kwa `FOR EACH STATEMENT`.* Hapo hakuna mstari mmoja, na `tg_trigtuple` ni NULL. Fanksheni isiyoangalia `TRIGGER_FIRED_FOR_ROW` inaanguka kwenye gunia la kwanza. Kwa `INSERT` na `DELETE`, `tg_newtuple` pia ni NULL. Ina kitu kwenye `UPDATE` peke yake. Anayechukua `tg_newtuple` akidhani "mstari mpya" maana yake gunia jipya ataangusha seva kwa jambo ambalo jina lenyewe linapotosha.

*Aina ya kolamu imebadilishwa.* Mtu anaandika `ALTER TABLE magunia ALTER uzito_kg TYPE numeric` ili mahesabu ya fedha yawe safi. `double precision` hukaa ndani ya Datum yenyewe (kisanduku ambamo PostgreSQL hubebea kila thamani), lakini `numeric` ni pointa, yaani anwani ya mahali thamani ilipo. `DatumGetFloat8` itaisoma anwani hiyo kana kwamba ni kilo, na kwenye mashine ya biti 64 anwani kama hiyo ikisomwa hivyo hutoa namba ndogo mno, mfano 4.6e-310. Seva haianguki. Kila gunia linaonekana lina uzito wa karibu sifuri, na lumbesa zinapita usiku na mchana bila kosa hata moja kwenye logi. Ukaguzi wa `SPI_gettypeid` kwenye msimbo wetu upo kwa ajili ya hilo tu. Ukiamua kubaki na `numeric`, geuza kwa `DirectFunctionCall1(numeric_float8, d)` baada ya kuongeza `utils/builtins.h`, kisha ubadilishe ukaguzi uwe `NUMERICOID`.

*Maandishi yamechukuliwa kama ya C.* `text` haina sifuri ya kufungia mwishoni, hivyo `strcmp` huendelea kusoma kumbukumbu ya jirani. Kichwa chake nacho kinaweza kuwa baiti 4 au baiti 1. Ukitumia `VARDATA` moja kwa moja kwenye thamani yenye kichwa kifupi, herufi tatu za mwanzo zinamezwa na "Makambako" inakuwa "ambako". Maelezo marefu yanaweza kuwa yamebanwa au kuhamishiwa jedwali la TOAST (jedwali la pembeni la thamani ndefu) mstari unapozidi takriban kilobaiti 2. Majaribio mafupi yanapita, na barua ndefu ya karani inaanguka. Njia salama ni moja, `text_to_cstring(DatumGetTextPP(d))`.

*Thamani tupu.* `SPI_getbinval` ikirudisha tupu, Datum ni sifuri. Kwa namba utapata 0, kwa maandishi utapata anguko.

*Kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.* Kati ya `SPI_connect` na `SPI_finish`, kila `palloc` (ombi la kumbukumbu) inaingia kwenye eneo ambalo `SPI_finish` inalifuta. Ukitengeneza mstari mpya humo kwa `heap_modify_tuple_by_cols` na kuurudisha baadaye, unarudisha anwani ya nyumba iliyobomolewa. `SPI_modifytuple` na `SPI_palloc` huweka vitu kwenye eneo la nje, ndizo za kutumia hapo. Kosa hili ni la hila kwa sababu siku nyingine hufanya kazi: kumbukumbu haijaandikwa juu bado. Kulifichua, jenga PostgreSQL ya majaribio kutoka kwenye msimbo wake:

```
./configure --enable-cassert --enable-debug --prefix=$HOME/pgtest
make && make install
```

Seva hiyo hujaza kumbukumbu iliyoachiliwa kwa baiti 0x7F. Ukiona `0x7f7f7f7f7f7f7f7f` kwenye `gdb`, umeshika kitu kilichokwisha futwa, na hakuna haja ya mjadala.

6. Haianguki, ila tabia si sahihi

`INSERT 0 0` bila kosa lolote: triga ya `BEFORE` imerudisha `PointerGetDatum(NULL)`, ambayo maana yake "ruka mstari huu". Ukitaka karani ajue, tumia `ereport(ERROR, ...)`. Kutumia `PG_RETURN_NULL()` ni kosa jingine, na litaleta `trigger function 16412 returned null value`. Pata jina kwa `SELECT 16412::regproc`.

`stack depth limit exceeded` kwenye triga mara nyingi ni `UPDATE` inayojiita: triga ya `AFTER UPDATE` inasasisha jedwali lilelile. Usiongeze `max_stack_depth` kama kidokezo kinavyopendekeza. Badilisha mstari ndani ya `BEFORE`, au weka `WHEN (pg_trigger_depth() = 0)`.

`transaction left non-empty SPI stack`: kuna njia ya kutoka isiyopitia `SPI_finish`, kwa kawaida `return` ya mapema.

Jumla ya siku inapungua gunia moja: swali la SPI ndani ya `BEFORE` halioni mstari unaoingizwa sasa. Hamishia hesabu kwenye `AFTER`.

Vituo vya mbali kama Makete, ambako mtandao ukisuasua data hutumwa kwa mafungu ya `COPY`, huleta swali lake. Gunia moja la kilo 104 likikataliwa na triga, fungu zima linarudishwa. Logi itakutajia mahali, `CONTEXT: COPY magunia, line 217`. Chaguo la `ON_ERROR ignore` la toleo la 17 halisaidii hapa. Linahusu maandishi yasiyogeuzika kuwa aina ya kolamu, si makosa ya triga. Pakia kwanza kwenye jedwali la mapokezi lisilo na triga, kisha hamisha mistari inayofaa, iliyobaki irudi kituoni na sababu yake.

Na kama fanksheni inatuma SMS au kuita seva ya nje, itoe huko. Kila sekunde inayosubiri mtandao, muamala unashikilia makufuli yake. Andika ujumbe kwenye jedwali la foleni, na programu nyingine iutume.

Kwa kila kosa linalotoka kwako, `\set VERBOSITY verbose` ndani ya `psql` huonyesha faili na mstari, kwa mfano `LOCATION: kagua_gunia, mizani.c:45`. Inaokoa kubahatisha.

7. Kurudisha kazini

Kabla ya kuwasha, pitisha haya kwenye mashine ya majaribio: uzito wa kawaida, uzito unaozidi, uzito tupu, `UPDATE` ya kolamu nyingine tu, maelezo ya herufi 10,000, na `COPY` ya mistari elfu moja. Kisha sakinisha kwa `make install`, fungua upya miunganisho, na:

```sql
ALTER TABLE magunia ENABLE TRIGGER a10_kagua_gunia;
```

Ukihamia toleo kuu jipya kwa `pg_upgrade`, kompaili maktaba kwa toleo jipya kabla ya kuanza, la sivyo itasimama na kukuandikia orodha kwenye `loadable_libraries.txt`.

Kuwasha triga hakukagui yaliyoingia ilipokuwa imezimwa. Chukua ile `id` uliyoandika kwenye hatua ya kwanza, tuseme 48210, uisake mistari hiyo kwa mkono:

```sql
SELECT id, kituo, mkulima, uzito_kg
FROM magunia
WHERE id > 48210 AND (uzito_kg > 100 OR uzito_kg IS NULL)
ORDER BY kituo, id;
```

Orodha hiyo wape wasimamizi wa vituo, si waprogramu. Gunia lenyewe huenda bado liko ghalani na linaweza kupimwa tena.